Mara Isikike Wapi? Mjadala wa Masafa ya Chini

Mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, akiwa Tarime au Mugumu mkoani Mara, anataka ishara yake ifike mbali kwa masafa ya chini. Ashike masafa gani? Swali ni fupi, lakini majibu yake yanagombanisha watu, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa katika nchi zenye majira ya baridi, usiku mrefu na anga iliyotulia. Kwetu usiku ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na magharibi yetu lipo Ziwa Victoria, mojawapo ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Ushauri wa Ulaya ukiletwa Mara bila kupimwa upya unampotezea mtu fedha, waya na usingizi.

Sauti zilizomo humu nimezitunga ili kila hoja ipate wa kuisemea. Namba na kanuni ni za kweli. Fundi ana kibanda Tarime mjini, anatengeneza simu, redio na inveta. Mwalimu anafundisha fizikia Mugumu. Mzee alishika redio kol upande wa hifadhi ya Serengeti enzi za ujana wake. Wa nne yuko Muscat, mtu wa ukoo wa Unguja. Hana leseni, anasikiliza tu, lakini anasikiliza kweli kweli. Mimi mwandishi nitaingia pale ninapoona hoja inahitaji kupanuliwa.

FUNDI: Mimi nimeshaamua, Mwalimu. Kilohezi 475. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2012 uliwapa watu wa ridhaa kipande cha kuanzia kilohezi 472 hadi 479. Wimbi lake lina urefu wa mita 630 hivi. Wimbi refu namna hiyo linatambaa ardhini, halijali kilima. Kutoka hapa hadi kwako Mugumu ni kilomita 65 hivi kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna bonde la Mto Mara. Redio za mkononi za megahezi 145 zinagota njiani. Hii inapita.

MWALIMU: Inapita kwenda wapi, Fundi? Kwangu au Muscat? Hayo ni maswali mawili na umeyafunga kwenye furushi moja. Kwa kilomita 65 sihitaji wimbi litambae. Narusha juu wima, ayonosfia, tabaka la juu la anga, inalirudisha chini, na linafunika wilaya zote mbili, kilima kiwepo kisiwepo. Mchana nashika megahezi 7.1, usiku nashuka 3.7. Waya uliofungwa mita tatu au nne juu ya ardhi, kati ya miti miwili, unatosha, na betri ya sola moja inaubeba mtambo.

MZEE: Mwalimu anasema kweli, mura. Enzi zetu chaneli ya mchana na ya usiku hazikuwa moja. Ukisahau kubadilisha jua likishazama, unamwita jirani yako wa kilomita hamsini, kimya; anakuitikia mtu wa mbali ambaye hukumwita wala humjui.

FUNDI: Shikamoo Mzee wangu, hilo sibishi. Lakini mimi sitafuti jirani. Jirani nina simu yake. Nataka Mara isikike mbali, na isikike kwa masafa ambayo hakuna mtu wa huku aliyeyazoea.

Hapo Fundi amesema jambo ambalo wengi wanalificha. Mtu wa ridhaa hasukumwi na haja ya mawasiliano peke yake. Anataka kujua kama inawezekana. Naiheshimu sana hamu hiyo, na nadhani ndiyo imeifikisha redio ilipo leo. Watu wa ridhaa ndio walioonyesha, Novemba 1923, kwamba mawimbi ya mita mia moja na kumi hivi, yaliyodharauliwa na makampuni makubwa, yanaweza kubeba mazungumzo ya pande mbili kuvuka Atlantiki. Walikuwa Léon Deloy, aliyerusha kutoka Nice nchini Ufaransa, na Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani. Kabla ya hapo, umbali ulikuwa mali ya wenye minara mirefu. Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam kabla ya vita ya 1914, na kule Kamina, Togo, walijenga kituo kikubwa cha mawimbi marefu cha kuwaunganisha na Nauen, karibu na Berlin. Kile cha Dar es Salaam kilikuwa shabaha ya kwanza ya mizinga ya manowari ya Kiingereza Astraea tarehe 8 Agosti 1914. Kamina waliibomoa wenyewe mwezi huohuo ili isitekwe. Kurusha mbali kwa mawimbi marefu kulitaka mashamba ya nyaya, mitambo ya mvuke na dola nyuma yake.

Fundi wa Tarime anataka kufanya hivyo kwa ndoo ya plastiki. Si mzaha, ndivyo inavyofanyika.

MWALIMU: Basi tupige hesabu. Antena inayorusha vizuri ina urefu wa robo ya wimbi. Kwa kilohezi 475 robo hiyo ni karibu mita 158. Una mlingoti wa mita ngapi?

FUNDI: Kumi. Nitaubandika nyaya za juu, mita 40 hivi, zilale kama kamba za kuanikia nguo. Chini naweka koili ya mizunguko hamsini kwenye ndoo ya lita ishirini. Hiyo inaifanya antena fupi iitikie.

MWALIMU: Inaitikia, lakini nguvu inaliwa wapi? Antena ya mita kumi kwa kilohezi 475 ina ukinzani wa kurusha usiofika nusu ya omu. Udongo chini yake una omu arobaini, hamsini. Kwa hiyo katika kila wati mia moja unazosukuma, isiyofika hata wati moja ndiyo inatoka hewani. Nyingine zote zinapasha joto udongo na ndoo yako.

FUNDI: Na wati moja ndiyo ninayoruhusiwa! Kanuni ya dunia inasema nguvu inayotoka kwenye antena isizidi wati 1, ikipimwa kwa kulinganisha na antena inayorusha sawasawa pande zote. Mlingoti wangu haurushi juu wima, unarusha pembeni, kwa hiyo theluthi ya wati inanitosha kufikia kiwango hicho. Nikisukuma wati 40 nimefika. Transista mbili za IRF540 nilizozitoa kwenye inveta mbovu zinafanya kazi hiyo bila kutoa jasho.

MWALIMU: Hapo nimekukubali. Lakini nilisikia unasema pia kilohezi 136.

FUNDI: Kilohezi 135.7 hadi 137.8, ndiyo. Zilitolewa 2007. Wimbi la kilomita mbili na ushei.

MWALIMU: Hesabu ileile, mlingoti uleule: ukinzani wa kurusha unashuka mpaka karibu omu 0.03. Ili utoe wati yako moja ya halali utasukuma wati mia tano. Na pale juu ya koili patakuwa na volti zaidi ya elfu kumi. Kwenye boma lenye ndama na watoto! Hata hiyo ya 475 inapitisha volti elfu moja.

MZEE: Ndama anakuna mgongo kwenye kila mti alioona. Mlingoti huo zungushia uzio wa miti mikavu kwanza, mura, ndipo uwashe.

Kilohezi 136 naziondoa kwenye mjadala huu bila majuto. Ni masafa mazuri kwa mtu mwenye umeme wa uhakika, uwanja mkubwa na jirani anayekaa mbali. Kwa nyumba inayoishi kwa paneli moja na betri moja, wati mia tano ni ndoto, na volti elfu kumi ni hatari isiyo na sababu. Yanayobaki ni matatu: kilohezi 475, kipande cha kilohezi 1810 hadi 1850 ambacho wazoefu wanakiita mita 160, na megahezi 3.5 hadi 3.8. Hizo 7.1 za Mwalimu ni za mchana wa wilayani; umbali tunaouzungumza ni wa usiku.

Kuna kifungu cha kanuni ambacho mtu wa Mara lazima akijue, na sijaona kikitajwa mahali popote kwa kuihusisha Mara. Ile wati 1 ya kilohezi 475 nchi inaweza kuipandisha hadi wati 5, ila kwa sehemu zake zilizo zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye mipaka ya nchi fulani zilizotaka masafa hayo yabaki ya meli na ya kuongozea ndege. Somalia ni mojawapo. Ukipima kutoka Tarime kwenda mashariki mpaka mpaka wa Kenya na Somalia, unapata kilomita mia saba na arobaini hivi. Kwa hiyo Kigoma inaweza kupewa wati 5 siku moja, Tarime na Mugumu haziwezi. Tumebaki na wati 1, na hesabu zetu zote zianzie hapo.

Orodha hiyohiyo inagusa upande wa pili wa safari yetu.

MUSCAT: Na sie Oman tumo ndani ya orodha hiyo, ndugu zangu. Hapa kilohezi 475 si ya watu wa ridhaa. Hata mwenye leseni hawezi kukujibu kwa masafa hayo. Na hapa redio ya ridhaa ina heshima yake: chama cha kifalme kipo tangu 1972, na Sultan Qaboos mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na ishara yake ya wito, A41AA. Lakini kanuni ni kanuni. Nitakusikia, Fundi, kujibu sitaweza.

FUNDI: Kwa hiyo nirushe kwa mtu asiyeweza kujibu?

MUSCAT: Hebu sikiliza kwanza. Mie usiku wa kiangazi nakaa nje ya mji, mbali na viyoyozi, kwenye changarawe kavu. Ngurumo za Milima ya Hajar zipo, lakini ni za alasiri na magharibi, kisha zinatulia. Hewa inabaki nyeupe. Redio za mawimbi ya kati za mbali nazipata wallahi kama ziko mtaani. Wewe huko kwenu unapata nini?

FUNDI: (kimya kidogo) Napata radi.

Hapa ndipo penye kiini, na hapa nitakaa.

Radi ni mtambo wa kurushia usio na leseni. Kila inapopiga inatoa mawimbi ya masafa karibu yote, lakini yenye nguvu zaidi ni ya chini kabisa, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mkwaruzo wake unavyopungua. Mtu aliyewahi kusikiliza mpira wa Dar es Salaam kwa mawimbi ya kati huku wingu limetanda anaujua mlio huo: kraa, kraa, na goli linapotea katikati. Kwa megahezi 7 ni kero. Kwa 1.8 ni ugomvi. Kwa kilohezi 475, usiku wa Aprili, ni ukuta.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Mchana ardhi inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu yanapanda juu ya vilima vya Tarime, Kisii na Kericho. Ngurumo zinakuja alasiri. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto, pepo za kutoka nchi kavu zinakutana juu ya ziwa, na radi zinahamia huko, zikikolea usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wavuvi wanaolala majini wanayajua haya kwa gharama kubwa kuliko ya mtu wa redio.

Sasa weka mtambo wa kupokea Tarime. Radi ya ziwani iko kilomita mia moja, mia mbili tu kutoka kwenye antena yako, na inapiga kwa nguvu isiyolinganishwa na wati 1 inayotoka ng'ambo. Muscat iko kilomita 3,800 hivi kutoka Mara. Radi ileile ikifika kule imechoka, kama ishara yako ilivyochoka, na inabaki moja kati ya kelele nyingi ndogo. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mara anayerusha kwa masafa ya chini atasikika mbali kuliko anavyoweza kusikia. Njia si ileile kwenda na kurudi. Wimbi linasafiri sawa, ila masikio mawili yaliyo kwenye ncha hayako katika chumba kimoja.

Ndiyo maana nasema kuchagua masafa hapa kuanze na sikio, na kwanza kabisa kuamuliwe kama tunataka kusemezana au tunataka kusikika. Anayetaka kusemezana na Muscat asipoteze muda kwa kilohezi 475. Kanuni imemzuia mwenzake, na radi zimemzuia yeye. Anayetaka kusikika, 475 ni yake.

FUNDI: Ndiyo maana nataka ile programu ya Joe Taylor. Mwalimu, huyu ndiye yule wa Nobeli?

MWALIMU: Ndiye. Nobeli ya Fizikia ya 1993, yeye na Russell Hulse, kwa jozi ya nyota waliyoigundua 1974. Alizoea kutafuta mapigo dhaifu ya nyota ndani ya kelele, na elimu hiyohiyo akailetea redio ya ridhaa. Programu hiyo, WSPR, ilitoka 2008. Inatuma ishara yako ya wito, mraba wako wa ramani na nguvu yako, basi. Inachukua karibu dakika mbili kwa maneno hayo machache, kwa upana wa hezi sita tu, na kompyuta inayatoa kwenye kelele ambazo sikio la mtu halisikii kitu kabisa.

FUNDI: Mraba wetu ni KI78. Nimepiga hesabu: longitudo 34 hadi 36 mashariki, latitudo 1 hadi 2 kusini. Tarime imo, Mugumu imo, Nyamongo imo, Kogatende imo.

MUSCAT: Na mie niko LL93. Siku kompyuta yangu ikiandika KI78 kwa kilohezi 475, nitakupigia simu hata kama ni usiku wa manane.

MZEE: Na mvua? Mnarusha mwezi gani?

Mzee ameuliza swali ambalo vijana wanalisahau kwa sababu wanaangalia mashine wakaacha kuangalia mbingu. Mara ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti mvua zinapungua, ngurumo nazo zinapungua, ingawa karibu na ziwa hazikatiki kabisa. Wazungu wa kaskazini wanasema masafa ya chini ni ya Desemba na Januari, kwa kuwa ndiyo miezi yao ya usiku mrefu na mawingu yasiyo na radi. Sisi kalenda yetu ni nyingine. Juni na Julai Ulaya wana usiku mfupi na ngurumo zao wenyewe, kwa hiyo Mara na Ulaya hazina msimu mmoja mzuri wa kushirikiana kwa masafa ya chini. Mara na Muscat zinao. Hilo peke yake linatosha kumshawishi Fundi aelekeze macho kaskazini mashariki badala ya kuwafuata wanaotafuta Ujerumani.

Na ndani ya usiku wenyewe kuna saa. Jua linazama Tarime saa kumi na mbili na dakika 45 jioni hivi, na karibu na ikweta giza haliji polepole; baada ya dakika ishirini na kitu ni usiku. Tabaka la chini la ayonosfia, linalomeza masafa ya chini mchana kutwa, linayeyuka upesi. Juni Muscat inakuwa imeshaingia gizani kabla yetu, na jua lake linachomoza saa kumi na robo hivi alfajiri kwa saa zetu. Kwa hiyo giza la pamoja linadumu kwa saa tisa na nusu. Lakini nimesema radi za ziwani zinakolea usiku wa manane. Ngurumo za alasiri zimeisha, za ziwani hazijakomaa: kati ya saa moja na saa nne usiku kuna mwanya, na kwa yule anayetaka kupokea pia, huo ndio muda wake. Anayerusha tu anaweza kuacha mtambo ufanye kazi mpaka alfajiri, maana anayesikiliza yuko mbali na ziwa.

MZEE: Juni ardhi ni kavu, mura. Udongo mweusi wa huku Serengeti unapasuka, mguu wa ng'ombe unazama kwenye ufa. Hiyo ethi yako itashika nini?

FUNDI: Hapo Mzee umenigusa. Mwezi mzuri wa hewa ni mwezi mbaya wa udongo. Nondo ya ethi niliyoichimbia Tarime wakati wa masika, kiangazi inakuwa kama imechomekwa kwenye tofali.

MWALIMU: Usichimbe chini, tandaza. Nyaya nyingi fupi juu ya ardhi, kutoka kwenye mlingoti kwenda pande zote, ishirini au thelathini. Hazitegemei unyevu wa chini sana. Waya wa umeme wa zamani uliochunwa unafaa.

MZEE: Tandaza ndani ya uzio. Nje ya uzio mbuzi watanasa, na wenyewe watakuja na maneno. Na ukisogea upande wa Robanda na Nata, nyaya za juu zisiwe chini ya mita sita. Twiga anafika mita tano. Tembo usimhesabie, akitaka kupita, anapita na mlingoti.

Mwalimu hakuridhika na wazo la kurusha bila kupokea, na nadhani ana haki. Yeye ni mwalimu wa vijana. Anataka wasikie kitu kwa masikio yao. Alipendekeza antena ya kitanzi: fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, imezungushiwa waya, inasimama juu ya kigingi kinachozunguka. Kitanzi hakisikii kinakoelekeza uso wake. Kinasikia vizuri zaidi pande za kingo. Ukielekeza uso wa fremu magharibi, ziwani, mikwaruzo ya huko inafifia, na kingo zinabaki zikitazama kaskazini na kusini. Muscat iko kati ya kaskazini na mashariki, kwa hiyo inapoteza nusu ya nguvu yake, lakini radi inapoteza zaidi, na tunachohesabu ni tofauti kati ya hizo mbili. Hakifuti radi za juu ya kichwa, wala wingu lililoko Isebania. Kinasaidia. Na kitanzi kidogo kinaweza kupelekwa mbali na nyumba, jambo lenye uzito kuliko watu wanavyodhani: kontrola za bei rahisi za sola na taa za LED zinapiga kelele masafa yote ya chini, na mtu anaweza kulaumu ziwa kumbe kelele iko ukutani kwake.

Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, fremu hiyo inaweza kumwambia mtu mengi. Chini ya kilohezi 500 kuna minara ya kuongozea ndege inayotuma herufi zake kwa Morse saa zote. Juu kidogo kuna redio za mawimbi ya kati zilizosalia. Atakayesikiliza hizo kwa miezi, Tarime na Mugumu, saa zilezile, ataijua hewa ya Mara kuliko kitabu chochote.

MWALIMU: Na 1.8? Mbona mnaipita haraka?

FUNDI: Nilikuwa nimeiweka akiba.

MWALIMU: Mimi ningeianza. Mlingoti wako wa mita kumi kwa 1.8 una ukinzani wa kurusha wa omu tano, sita. Nguvu haiishii ardhini. Radi zake ni nyepesi kidogo kuliko za 475. Hakuna wati moja ya kukubana. Na jua linaanza kutusaidia: mzunguko wa 25 wa madoa ya jua ulianza Desemba 2019, kilele chake kilikuwa 2024, sasa unateremka. Kadiri jua linavyotulia, usiku wa masafa ya chini unakuwa mtulivu zaidi.

FUNDI: 1.8 wengi wamerusha kutoka Afrika Mashariki. 475 nani?

MWALIMU: Hilo ni suala la sifa, Fundi.

FUNDI: Ni suala la kujua. Hakuna aliyepima.

Kati ya hawa wawili, mimi namuunga mkono Fundi kwa masafa na Mwalimu kwa utaratibu. Kilohezi 475 ndiyo yenye jambo jipya la kutufundisha, kwa sababu ramani za kelele za radi zinazotumika duniani zimetokana na vipimo vilivyokusanywa mbali na hapa, na ishara ndogo kutoka KI78, ikiandikwa kila usiku kule Muscat, ni kipimo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitoa. Lakini isirushwe kabla ya karatasi. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mwenye leseni asome masafa yaliyoandikwa ndani yake. Kanuni ya dunia kuruhusu kipande fulani haimaanishi kimeshaandikwa kwenye leseni ya mtu. Kama hakimo, aombe, aeleze anachopima. Kwa wilaya iliyo mpakani hilo lina uzito wa pekee. Ishara ya Tanzania inaanza na 5H, ya jirani wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, inaanza na 5Z, na mtambo usiojulikana ni wa nani mpakani unaleta maswali yasiyo ya kifizikia.

MZEE: Mpaka wa Kenya ulipofungwa, 1977 mpaka 1983, mtu aliyekutwa na redio huku aliulizwa sana. Pateni karatasi kwanza.

MWALIMU: Na mimi naendelea na 3.7 yangu. Mto ukijaa na mtandao ukikatika, watu wa hapa hawataokolewa na KI78 iliyoandikwa Muscat. Kwa Afrika na Ulaya, kilohezi 3760 na 7110 zimetengwa kama mahali pa kukutania wakati wa dharura. Wanafunzi wangu watazijua hizo kwanza.

FUNDI: Sikatai. Tugawane saa: wewe mpaka saa moja, mimi baada ya hapo.

MWALIMU: Na daftari la kelele, Tarime na Mugumu, kila siku, saa zilezile.

FUNDI: Nakubali. Tunaanza Juni, leseni ikiwa mkononi.

MWALIMU: Na Agosti ikiisha bila KI78 kuonekana hata mara moja?

FUNDI: Napunguza mizunguko ya koili, napanda 1.8.

MUSCAT: Ukipanda 1.8 niarifu. Nitamtafuta mwenzangu mwenye leseni ya Oman, maana huko ana ruhusa ya kukujibu.